Reli Chini ya Sakafu ya Mama Akoth

Chuma cha zamani kikinyeshewa hutoa harufu inayokaribia ile ya damu. Mtu asiyekulia karibu na mgodi huenda asiijue, lakini sisi watoto wa Masara tuliijua kama tulivyojua harufu ya uji. Msimu wa masika, mvua ya kwanza ilipoigonga ardhi ngumu ya vilima vile, harufu hiyo ilipanda kutoka vichakani, kutoka kwenye maboma ya ng'ombe, kutoka nyuma ya vyoo, popote ambapo kipande cha reli kilikuwa kimelala au kimesimikwa kama nguzo. Reli yenyewe haikuwepo tena. Ilijengwa na wazungu wa mgodi wa kwanza, muda mrefu kabla wazazi wangu hawajafika huko, nayo haikuwa reli ya garimoshi la abiria. Ilikuwa reli nyembamba ya vigari vya chuma, vilivyosukumwa na wanaume kutoka shimoni juu ya kilima hadi kwenye mtambo wa kusaga mawe kando ya mto. Dhahabu ilipopungua wazungu wakaenda zao, mtambo ukang'olewa, na watu wakaichukua reli kidogo kidogo, kila mtu kwa haja yake. Kipande kimoja kilining'inia shuleni kwetu, na ndicho kilichokuwa kengele.

Sisi tulikuwa wageni pale. Baba alikuwa fundi cherehani aliyetoka Rodi Kopany kufuata wateja, maana penye dhahabu watu hununua nguo, na mama aliuza omena, dagaa wadogo wa ziwani, alizozifuata Homa Bay, zikiletwa huko na boti kutoka kisiwa cha Mfangano. Kila alipokwenda alikaa siku mbili, na siku hizo nilikula na kulala kwa jirani yetu, Mama Akoth. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Akoth, aliyekuwa rika langu, na tulikalia dawati moja darasa la sita. Watu wa pale waliniita Nyar Rodi, binti wa Rodi, na jina hilo lilitosha kunikumbusha kwamba kwetu ni mbali. Mama Akoth peke yake ndiye aliyeniita "nyathina", mwanangu, kwa sauti ileile aliyomwitia Akoth, na bakuli langu la nyoyo, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, halikuwahi kuwa dogo kuliko la binti yake. Nyoyo ya mama yule iliiva mpaka ikapasuka, na hadi leo sijapata kula nyingine yenye ladha ile.

Nyumba yake ilisimama mahali pa ajabu. Bonde letu lilikuwa la udongo mweusi, ule unaonata miguuni kama gundi, na masika yalipokolea kila boma liligeuka kinamasi. Boma la Mama Akoth lilibaki kavu. Lilikuwa juu ya kituta kirefu, kimezungukwa na ua wa mnyaa na migomba, kiasi kwamba mpita njia aliona kijani kitupu. Kwa miaka mingi nilidhani kituta kile kiliumbwa na Mungu.

Ni Mama Akoth mwenyewe aliyenifungua macho. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, na Jumamosi kwetu haikuwa siku ya kucheza wala ya kazi, ila kutembea kuangalia uumbaji kuliruhusiwa. Mama Akoth alikuwa Mkatoliki, lakini Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana alituonea huruma, akatwaa leso yake na kusema, "Haya, twendeni niwaonyeshe njia ya baba mkwe wangu." Baba mkwe wake alikuwa msukuma vigari tangu ujana wake hadi mgodi ulipofungwa. Alitupeleka mpaka kilimani kwenye mdomo wa shimo la zamani, akatugeuza, tukaanza kushuka. Alituonyesha mahali ambapo jiwe lilikatwa kama mkate ili reli ipite. Alituonyesha kalvati ya mawe ambayo wanawake walifulia chini yake bila kujua ilijengwa kwa nini, na mataruma ya chuma, yale yanayolaliwa na reli, yaliyokuwa nguzo za zizi la mtu fulani, bado yana matundu ya misumari. Reli ilipotupotea kwenye shamba la mtama, hakutuonyesha. Alisimama, akashika kiuno na kuuliza, "Ningekuwa na kigari kizito na mgongo unauma, ningepita wapi?" Tukatazama ardhi. Akoth ndiye aliyejibu kwanza, kama kawaida yake. Reli haipendi kupanda ghafla wala kushuka ghafla. Ukijua hivyo, unaweza kuifuata hata pale isipokuwepo.

Tulirudia matembezi yale karibu kila Sabato ya msimu ule. Nilianza kuona mstari ambao watu wazima hawakuuona, na mtoto akijua jambo ambalo wakubwa hawalijui, huota kiburi kama uyoga baada ya mvua. Kisha ikafika Ijumaa moja ambayo mama alikuwa Homa Bay na Mama Akoth alikuwa akisiriba upya sakafu ya jiko lake. Sisi wawili tulikuwa tumemsaidia kukanyaga udongo na samadi ya ng'ombe. Alikuwa amekwangua sakafu ya zamani karibu na mafiga, na pale chini vikatokea vyuma viwili, vimelala sambamba, vyeusi, vimeshikiliwa na taruma kama siku vilipowekwa. Nilipiga magoti nikavigusa. Vilikuwa baridi.

"Kwa hiyo nyumba hii..." nilianza kusema.

"Nyumba hii iko juu ya reli," Mama Akoth akamalizia. "Wazungu walipoondoka, mkubwa wao alimwambia baba mkwe wangu akae hapa achunge vyuma. Akakaa. Vyuma vikaota kutu, naye akazeeka, akazikwa pale nje. Na mwanawe akazikwa kando yake." Alichota udongo mwororo kwa kiganja, akaupaka juu ya chuma kwa miduara, taratibu. "Karatasi hakupewa. Kwa hiyo haya ni ya jikoni, nyathina. Ya jikoni hubaki jikoni."

Niliitikia. Nakumbuka niliitikia kwa sauti.

Mwaka ule kulikuwa na kampuni mpya iliyotaka kurudi kuchimba, na lori zake zilihitaji barabara ya kushukia mtoni. Habari zilienea kwamba njia ya reli ya zamani ilikuwa bado mali ya mgodi, na kwamba yeyote atakayekutwa juu yake atahama. Baba alilizungumza mezani, wateja wake wakalizungumza dukani. Nalisema hili kwa sababu ningependa sana kuandika kwamba sikuelewa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilielewa.

Mpima ardhi alikuja shuleni siku ya Jumatano. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye Kiswahili kilichonyooka ambacho sisi tulikisikia redioni tu, na alikuwa na ramani iliyochanika mikunjoni. Alimwambia mwalimu kwamba ramani inaonyesha mwanzo na mwisho wa reli, lakini katikati imefifia, na wazee aliowauliza kila mmoja alimwelekeza upande wake. Halafu akatugeukia. "Watoto ndio wanaozurura," akasema huku akicheka. "Nani kati yenu anajua reli ilipita wapi?"

Nilimtazama Akoth. Akoth alikuwa anatazama dawati. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani tangu darasa la nne, nami nilikuwa wa pili, muhula baada ya muhula, na hapakuwahi kutokea swali ambalo nililijua mimi naye akanyamaza. Mkono wangu ulipanda. Sikuupandisha kwa chuki, wala kwa sababu ya zawadi, maana hakuna aliyetaja zawadi. Ulipanda kwa sababu kwa mara ya kwanza ulikuwa peke yake hewani.

Tulianza kilimani asubuhi ya siku iliyofuata, mpima ardhi, wasaidizi wake wawili wenye mapanga, na mimi mbele. Niliwaonyesha jiwe lililokatwa. Niliwaonyesha kalvati. Kwenye shamba la mtama walitaka kwenda kushoto, nikawaambia, "Hapana, mtu mwenye kigari kizito hawezi kupanda pale," na mpima ardhi akawageukia wenzake na kusema, "Mnasikia mwalimu wenu?" Tangu hapo waliniita mwalimu. Kila tulipopata alama aliniinua nichungulie katika darubini yake ya miguu mitatu, na niliona mbali, kwenye duara dogo la kioo, mambo niliyoyajua yakiwa karibu mno kiasi cha kutaka kuyashika. Sikuwahi kuwa na asubuhi nzuri kuliko ile. Hilo nalo ni kweli, na ni sehemu ya aibu yangu.

Kabla ya saa sita tulifika kwenye ua wa mnyaa. Tuta la reli lilikuwa limechimbwa na wafyatua matofali upande wa juu, likatoweka, na mbele yetu palikuwa na migomba tu. Mpima ardhi alisimama muda mrefu na ramani yake. Kulikuwa na njia mbili: kupita katikati ya boma lile, au kuzunguka ukingo wa kinamasi mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mama Akoth alitoka nje akijifuta mikono kwa leso. Akoth alikuwa nyuma yake. Hakuwa amekwenda shule siku hiyo.

"Mama, hujambo? Tunatafuta reli ya zamani. Unaijua?"

"Mimi niliolewa hapa nikakuta shamba," Mama Akoth akajibu. "Reli nasikia ilipita huko kwenye maji."

Mpima ardhi alitikisa kichwa kukubali. "Basi kama hakuna ushahidi hapa, nitafuata ukingo wa kinamasi." Akaanza kukunja ramani. Mmoja wa wasaidizi alikwisha kubeba miguu ya darubini begani. Yalikuwa yamekwisha. Nilichotakiwa kufanya ni kutofanya lolote.

Mama Akoth alinitazama. Hakunikonyeza wala kunikunjia uso. Alinitazama kama alivyonitazama nilipokula kwake, kuona kama nimeshiba. Nami nikawaza mambo mawili kwa pamoja. Nikawaza kwamba mtu mzima amesema uongo mbele yangu, na baba alitufundisha kwamba uongo ni uongo hata ukifungwa kwenye jani la mgomba. Na nikawaza kwamba mpima ardhi anaondoka akidhani mwalimu wake amepotea njia. La kwanza ndilo nililojiambia kwa miaka mingi. La pili ndilo lililonifungua mdomo.

"Haikupita kwenye maji," nikasema. "Ipo hapa. Ipo ndani."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Niliingia jikoni kwa Mama Akoth bila kubisha hodi, kama nilivyozoea, nikachukua jembe lililoegemezwa ukutani, nikakwangua sakafu ambayo mikono yangu mwenyewe ilisaidia kuisiriba. Haikuchukua muda. Chuma kililia chini ya jembe. Mama Akoth alikuwa ameingia nyuma yangu. Hakunizuia. Aliinama akaipua sufuria ya mboga kutoka kwenye mafiga, akaifunika, ili vumbi lisiingie, kisha akatoka nje kuwapisha wanaume waje waone.

Mpima ardhi alipiga picha. Nilipomtazama safari hii hakuniita mwalimu. Alisema, "Nenda nyumbani sasa, mtoto," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Nilipopita kwenye ua, Akoth alikuwa amesimama kando ya makaburi mawili. "Tulikuwa tunakupa chakula," akaniambia. Hakulia, wala hakupaza sauti. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia utotoni.

Bikoni za saruji za kuonyesha mpaka wa barabara zilisimikwa wiki hiyohiyo, moja mbele ya mlango wa jiko na nyingine kati ya migomba. Watu walikwenda kumtetea Mama Akoth kwenye baraza, lakini swali lilikuwa moja tu, karatasi iko wapi, na karatasi haikuwepo. Kampuni ilimwachia avune mahindi kwanza. Jambo linalonishangaza hadi leo ni kwamba hakuna aliyeniadhibu. Baba aliposikia kwamba nilisema kweli mbele ya wageni, alinisifu kanisani. Mama hakunisifu. Alikuwa ameondoka alfajiri ya siku ile ya upimaji, na aliporudi kutoka Homa Bay na kusikia, aliketi kwenye kigoda bila kufungua mzigo wake, akaniuliza, "Ulikula wapi siku zote hizi?" Nikamwambia nilikula nyumbani, alichopika baba. Hakuuliza tena, lakini tangu safari hiyo alinichukua kwenda naye Homa Bay au akaacha kwenda.

Siku Mama Akoth alipohama, mama alinipa omena zilizofungwa kwenye gazeti nimpelekee. Lori lilikuwa limepakiwa mabati, kitanda, mitungi miwili. Nilisikia sauti yake akiwaelekeza vijana wa kubeba, sauti ileile ya kila siku, nami nikaishia nje ya boma. Niliiacha ile karatasi ya omena juu ya ua wa mnyaa nikakimbia. Jioni niliporudi kuangalia, ilikuwa palepale na paka alikuwa ameichana. Maji yakimwagika hayazoleki. Sijui kama ziliachwa kwa hasira au hazikuonekana tu. Mtihani wa muhula uliofuata nilikuwa wa kwanza darasani. Wa kwanza wa siku zote alikuwa amekwenda Mfangano kwa mjomba wake.

Sasa nafundisha jiografia katika shule ya sekondari si mbali na Rodi Kopany. Kampuni ile ilichimba miaka michache ikafunga, kama ya wazungu, lakini barabara ya murramu ilibaki, na bodaboda hupita juu yake mchana kutwa. Mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha Masara kwenye simu yake, ikiwa imepigwa picha kutoka angani, na niliuona mstari wote kwa mara moja: kilima, shamba, bonde, mto. Tulichokitafuta Sabato nyingi kwa miguu yetu, kidole chake kilikipitia kwa dakika moja. Nilijaribu kujifariji usiku ule kwamba leo wasingemhitaji mtoto wa kuwaonyesha. Faraja haikukaa. Picha ya angani ingewaonyesha migomba. Kilichokuwa chini ya sakafu kilijulikana tu na mtu aliyelishwa humo.

Mwaka jana nilimkuta Akoth. Alikuwa sokoni Rodi, nyuma ya meza ya samaki wakavu, amenenepa kidogo, miwani ikiwa imening'inia shingoni. Nilimtambua kwa jinsi alivyowaza kabla ya kumjibu mteja. Nilisimama pale mpaka mteja akaondoka.

"Nyar Rodi," akasema. Hakushtuka. "Nilisikia unafundisha hapa. Nikasema iko siku atakuja kununua samaki."

Nilimuuliza habari za mama yake. Akaniambia alifariki, na kwamba amezikwa Mfangano, kwenye boma la kaka yake. Asiyekuwa wa kwetu huenda asisikie uzito wa maneno hayo. Mke wa mtu hulala kwa mumewe, hata kama amekufa mbali. Kumzika kwa ndugu zake ni kama kusema hakuwahi kuolewa. "Tulikuja Masara kutafuta mahali pa kumrudisha," Akoth akaendelea, akipanga samaki waliokuwa wamepangika tayari. "Makaburi ya baba na babu tuliyaona, yako kando ya barabara, mtu amepanda mahindi mpaka juu yake. Lakini boma halipo. Utamlaza mtu wapi? Katikati ya pikipiki?"

Nikamwambia, "Akoth, ni mimi."

"Ni wewe, ndiyo. Nilikuwepo."

"Sikuwahi kuomba msamaha."

Aliwafukuza nzi juu ya samaki. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kisha akasema, "Mimi na mjomba tulitaka kukutafuta, zamani, tukuseme. Mama alikataa. Alisema ungekuwa umesema uongo, ungerudi ukaomba msamaha, angekusamehe, ungekula, yakaisha. Lakini ulisema kweli. Alisema, mtu aliyesema kweli utamwambia arudi kufanya nini?" Akachukua kipande cha gazeti. "Aliuliza habari zako, lakini. Kila nilipovuka kuja huku aliuliza kama nimekuona."

Alinifungia samaki watatu, akanilipisha kama anavyomlipisha yeyote, nami nikashukuru kwa hilo. Nilipokuwa naondoka akaniita. Alisema familia inataka kujengea kaburi la mama yake, na kwamba kama ninataka kumwambia jambo, yuko huko, hajahama tena. Nikasema nitakwenda. Hayo yalikuwa kabla ya mvua za mwaka jana, na sasa za mwaka huu zimekatika. Boti za Mfangano huondoka Mbita kila asubuhi, watu hukaa, huvishwa majaketi ya kuelea, na kabla jua halijawa kali wamefika. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliwatangulia wageni kilomita kadhaa bila kuulizwa mara mbili, akijua kila jiwe. Mimi mtu mzima nimefika Mbita mara mbili, nimesimama gatini nikiwaangalia abiria wakipanda, na mara zote mbili nimerudi Rodi kufundisha.